Mpaka

Juu ya Winnock, mahali upepo haubishi hodi,
kuna tuta, na ubavuni mwa tuta kuna handaki.
Vimekata mgongo wa kilima toka bonde hadi bonde
kama mtu aliyeanza kufunga mzigo kwa kamba moja
kisha akaitwa.

Kwangua nyasi kwa kisigino: chaki.
Si ile ya ubaoni na vumbi la mwalimu,
ingawa ni ndugu wa damu.
Nyeupe, baridi, teketeke kama jibini;
bahari iliyokufa ikasahau chumvi yake.

Waliochimba hawakuwa na chuma.
Walikuwa na pembe ya kulungu, fupa la bega la ng'ombe,
na mtu wa kusema, Chimbeni hapa.
Jina lake halikubaki. Sababu yake haikubaki.
Lilibaki shimo.

Tamsin, aliyetumwa na kaunti na kipimo chake cha miguu mitatu,
anasema si ngome. Ukitaka kuruka, unaruka.
"Basi lilimzuia nani?"
anauliza Hester Stickland, miaka themanini na minne,
amekalia koti la marehemu.
"Labda halikuzuia. Labda lilisema tu."
"Lilisema nini?"
"Mpaka hapa."
Hester anachuma unyasi mkavu, anautafuna.
"Na mpaka lini?"

Mwaka wa hamsini na tatu serikali ililipa kwa ekari
kila malisho yaliyogeuzwa shayiri.
Wilf alikuwa na miaka kumi na tisa, trekta la kukopa
na baba anayehesabu pesa kwa sauti.
Aliingia upande wa mashariki kabla ya umande kukauka.
Plau ikazama, tuta likapinduka jeupe,
jeupe kiasi cha kuumiza macho,
kunguru wakashuka wakidhani ni jambo.
Siku tatu. Kazi ya mababu wa watu, siku tatu,
na mapumziko ya chai.

Lakini ardhi haisomi stakabadhi.
Kiangazi cha sabini na sita kilipochoma kila kitu,
shayiri ikawa rangi ya karatasi kuukuu
isipokuwa mstari mmoja, kijani, mnyoofu,
ukivuka shamba pale pale lilipokuwa handaki.
Chini huko udongo mzito ulikuwa bado na maji,
na mizizi haidanganyiki.
Wilf alisimama getini. Akavua kofia. Akaivaa.
"Nikamuuliza, kulikoni?
Akasema, jua."

Miaka sitini na miwili ya ndoa,
na kila ukame aliponyamaza namna ile
Hester alijua mstari umerudi.
Hakumuuliza tena.
Yako maswali unayoyapikia chakula na kuyafulia soksi.

Alikufa Februari, mwezi wa matope,
na sasa ni Agosti, mito imekauka,
na mstari huo hapo, kijani,
unatoka kwenye tuta lililosalia
unashuka shambani kama sentensi iliyokatizwa
na mtu mwenye haraka.

Tamsin anauchora. Nukta, nukta, nukta:
ndivyo huchorwa kisichoonekana.
"Andika kwamba alijua," anasema Hester.
Tamsin anatazama fomu yake.
Ina nafasi ya urefu, ya kina, ya hali ya sasa.
Anaandika kwa penseli, pembeni, herufi ndogo.

Jioni kondoo wanaachiwa kwenye mabua.
Shamba lote liko wazi, hakuna seng'enge, hakuna kigingi,
wangeweza kuvuka popote.
Hawavuki popote.
Wanakwenda hadi pale tuta lilipokuwa na mwanya,
wanajipanga, mmoja nyuma ya mwingine,
wanapita mlango usio na ukuta.
Wa mwisho, jike kilema, anasita,
kisha ananyanyua mguu wa mbele, juu kidogo,
juu ya kitu kisichokuwapo.