Kibaba cha Theluji

Mwanzi wa kumi na saba
tuliuacha Agosti ukichungulia nje mita mbili na nusu.
Leo Juaaka ameibana futi kamba kwa meno,
maana vidole vimegoma,
ananisomea kupitia meno hayohayo:
moja, tisini na mbili.

Basi baridi yote ile, na giza lile la miezi,
vimetuwekea sentimita hamsini na nane.
Naandika kwa penseli.
Wino huku huganda kabla ya neno.

Troels yuko Kopenhagen, dirisha lake lina mvua.
Ndani ya kompyuta yake nchi hii ya barafu
imekatwa visanduku, kilomita kumi kwa kumi,
na kila kisanduku kina wingu moja,
upepo mmoja,
jibu moja.
Jibu la hapa tulipo ni themanini na nne.
*Labda mmesoma vibaya*, anaandika usiku.
*Labda ni mwanzi mwingine.*

Ni huohuo. Una kitambaa chekundu
nilichokifunga mwenyewe, kimepauka upande wa mashariki.

Haba na haba, husemwa, hujaza kibaba.
Na kibaba chenyewe kikididimia je?
Hapa kila kitu kinazama taratibu:
mwanzi, nyayo, pipa la mafuta
aliloliacha baba yake Juaaka liwe alama ya njia.
Theluji ya jana hubebeshwa ya leo,
ikabanwa, ikakomaa,
ikasahau kwamba iliwahi kuelea.

Tunachimba.
Shimo la kina cha mtu na kofia yake,
ukuta mmoja tumeuacha kivulini, haujaguswa na koleo.
Naupiga brashi, nazamisha mkebe wa lita moja,
napima: gramu mia tatu arobaini.
Majira mazima, ukiyayeyusha,
ni maji ya sentimita ishirini.
Hayafiki goti la mwanangu Pavia.

Kisha, kwenye sentimita ya mia moja na kumi na nne,
mstari wa bluu, mnene kama kidole gumba.
Julai ya mwaka juzi. Mvua
ilipanda hadi huku ambako haina kawaida ya kufika.
Juaaka anasema mbwa walilala chini siku ile, wakakataa kamba.
Mimi nilikuwa Ilulissat.
Kaburi la mama lilijaa maji,
wanaume wakayachota kwa ndoo, wakipokezana,
bila kusema kitu.
Kumbe ni mvua ileile.

Daftari lina safu ya "maelezo".
Naandika: *barafu, milimita ishirini na mbili*.

Usiku turubai linapigwa.
Ni theluji inayopita,
haikuanguka hapa, wala haina nia ya kulala hapa,
inakwaruza uwanda, inachonga migongo,
inakopa huku, inalipa ng'ambo, au hailipi.
Kwa Troels kila kisanduku
ni jirani asiyeazima chumvi.
Namwandikia: *Ongeza upepo.*

Siku mbili kimya.
Ya tatu: *Nimeongeza. Sasa inasema arobaini na tisa.*
Juaaka anacheka hadi futi kamba inamponyoka.
"Kwanza alitupa ambayo hatuna,
sasa anatuibia tuliyo nayo!"
Nami nacheka, ila nasoma tena chini ya ujumbe,
ambapo Troels ameongeza, kwa herufi ndogo:
*Sijui imekwenda wapi. Ninyi mnajua?*

Hatujui.
Tunaunga mwanzi mpya juu ya ule wa zamani,
waya mizunguko sita, kitambaa kipya,
ili mwakani kuwe na cha kuchungulia.
Helikopta inasikika kabla haijaonekana.

Juaaka ananitazama kichwani.
"Na hiyo iliyo kwenye kofia yako," anauliza,
"umeihesabu?"

Sikuihesabu.
Nikaivua kofia,
nikaikung'uta palepale, kando ya mwanzi.