Bomba Lisilovuja

Kompyuta hii ni mtumba wa Luthuli,
haina kitufe cha M; pale nabonyeza ufizi.
Mutheu wa saiba ya Kayole aliifuta yote,
akaniwekea mfumo wa bure, akasema:
"Fundi, huku hatubofyi picha. Andika."

Skrini nyeusi. Kijistari kinapepesa
kama mtu anayekungoja umalize kumeza.
Nikapiga hodi. Haikusema karibu.
Nikaandika nywila: hata nukta haikutokea,
nikadhani vidole vimekufa.
Nikaiamuru ihamishe folda ya wateja.
Kimya.
Nikaiamuru tena. Ikafoka: hakuna folda hiyo.
Jasho! Madeni yote ya Soweto na Matopeni yamo humo,
na mimi sina daftari tena, lililowa Aprili.

Mutheu akacheka, mdomo umejaa smoki.
"Ilihama mara ya kwanza. Ikinyamaza, imefanya."

Nilirudi nyumbani na neno hilo.
Miaka kumi na tisa nafunga mabomba ya watu:
maungio yakikazwa sawasawa hayasemi kitu,
linaloongea usiku ni lile linalovuja.
Mbona sikujua?

Sasa kuna kile kimstari cha wima.
Maneno yanaingia huku, yanatokea kule yamechujwa,
na hicho hakuna aliyehitaji kunieleza mara mbili.
Jana, taa za plotini zikiwa zimezimwa,
niliyapitisha majina: nani hajalipa tangu Machi?
Wakatoka saba, wamejipanga.
Wa nne ni Mutheu.
Sinki la saiba, mia nane.