Tandiko

Kwa kabichi moja, sokoni mjini Łódź,
Bogumił hubishana mpaka muuzaji achoke,
ampunguzie senti kumi.
Soksi zake ni viraka juu ya viraka.
Chai: kifuko kimoja, vikombe viwili.

Lakini juzi, usiku wa manane,
kidole kimoja, kitufe kimoja,
zloti themanini na tisa zikaenda
kwa tandiko la farasi
asiyekula nyasi, asiyekunya,
umeme ukikatika hayupo.

Halszka aliuona ujumbe wa benki.
Hakufoka. Alivuta kiti.
"Nionyeshe."

Tandiko jekundu, njumu za shaba,
farasi anapanda kilima
kwenye mvua isiyolowesha mtu.
Bogumił akaeleza kwa sauti ya anayeungama:
miaka ishirini na sita natengeneza boila za watu,
hakuna aliyewahi kuniuliza
nataka rangi gani.

Halszka alihesabu kimoyomoyo:
kabichi ngapi, soksi ngapi.
Kisha akakitwaa kile kidude, akakishika juu chini,
na farasi akatumbukia mtoni.

"Na lile la bluu," akauliza, "bei gani?"
"Punguzo limeisha jana."
"Si ungeniambia."