Maelezo ya Mhazini wa Vijana

Mzee Shekalaghe, uliuliza kikaoni
trei mbili za mayai zimeliwa na nani.
Naomba nijibu kwa maandishi,
maana kwa mdomo ningecheka.

Hazikuliwa.

Jumamosi, saa nane, jua la Ukonga
limetukalia utosini kama mzigo wa kuni.
Vijana hamsini na wawili nyuma ya kanisa,
pale panapongoja ukumbi mwaka wa saba huu,
msingi na nondo zinazochungulia majani.
Lusajo akapuliza filimbi. Mistari miwili, uso kwa uso.
Unarusha yai, mwenzako anadaka, mnarudi nyuma hatua moja.
Unarusha. Mnarudi.
Mkiwa karibu kila mtu ni hodari;
hatua ya tisa ndiyo iliyotuumbua.
Nakiete, mwalimu wa shule ya Jumapili,
alidaka kwa kipaji cha uso.
Ute ukateremka puani, ukaingia kwenye kola.
Akasimama wima, akalamba mdomo,
akasema, "Limekosa chumvi."

Unga wa ngano, kilo tano.
Hapa nisikilize vizuri, Mzee.
Mimi ni mtoto wa muuza maandazi.
Ada yangu ilikandwa saa kumi za usiku,
ikaumuka, ikakaangwa,
ikabebwa kwenye ndoo ya plastiki hadi kituoni.
Nilipoumwaga ule unga kwenye beseni
mkono ulisita. Chakula hakichezewi:
nilisikia kabisa sauti ya mama.
Nikazika pipi humo hata hivyo.
Mikono nyuma, uso ndani, meno yatafute.

Akainama Eliamani.
Unamjua, yule aliyehamia kwa shangazi yake
mvua ya mwezi wa nne ilipochukua nyumba yao bondeni.
Anakaa benchi la mwisho,
anatoka kabla hatujapeana mikono ya amani.
Aliibuka hana pipi,
mweupe mpaka kwenye kope,
akapiga chafya, wingu zima,
akanguruma, "Bado! Msinihesabu! Bado!"
akazama tena.
Miezi mitano, Mzee. Hatukujua ana sauti nzito namna ile.
Mwalimu wa kwaya aliacha kucheka, akasogea karibu
kama mtu aliyeona noti barabarani.

Sijui kilo hizo tano uziweke fungu gani.
Mama nilimweleza.
Alinyamaza, akageuza andazi kwenye mafuta,
akasema, "Huo haukumwagika."

Risiti ya tikitimaji ililowa, haisomeki.
Samahani.

Sasa maji. Mabomba yalikauka tangu Jumatano,
nawe unajua tanki letu lina ufa.
Tukatoka uchochoroni, mizuka hamsini na miwili,
unga umeshikana na ute, nzi wametufuata kwa heshima zote.
Mtoto mmoja akakimbilia ndani akilia.
Mama Mwanahawa wa kisima alikuwa anaanua nguo.
Akatutazama toka juu hadi chini:
"Kumbe ndivyo mnavyosali huko?"
Kisha akatupa kamba kisimani.
Ndoo kumi na nne.
Nilipotoa pochi akanisonya,
akaniambia nikaoge masikio.
Kwenye safu ya maji nimeandika sifuri.
Tafadhali, usiikate kwa kalamu nyekundu.

Limebaki jambo moja.
Mayai yalikuwa sitini.
Nimeokota maganda, nimehesabu mara mbili
mbele ya shahidi: hamsini na tisa.
Lusajo anaapa hakuligusa.
Lakini siku ile ulipita kuchukua ufunguo wa ofisi,
ukatundika koti lako la kijivu kwenye nondo
ili utuonye vizuri, kwa mikono yote miwili, juu ya kelele.

Simtuhumu mtu.
Ila kama hujalivaa tangu hapo,
mfuko wa kulia, Mzee,
ingiza mkono taratibu.