Weupe wa Jagi

Miaka thelathini na minne nilikuwa daktari wa meno mjini Kaunas,
na mtu asinifundishe habari za weupe.
Nilikuwa na kijisanduku cha meno ya mfano, kumi na sita,
kila jino na weupe wake: wa maziwa, wa pembe, wa chaki,
wa chai iliyozimuliwa.
Wagonjwa wote waliniomba ule wa kwanza.
Hakuna aliyezaliwa nao.

Basi Danguolė aliponiwekea jagi la enameli, jeupe,
juu ya kitambaa cheupe, kando ya yai la kahawia,
dirisha likitazama kaskazini na theluji,
nilicheka moyoni. Nikakamua tyubu,
nikapaka.

“Umepaka jina lake,” akasema.
“Jagi bado liko mezani.”

Akakata kadi, akaitoboa tundu kama punje ya dengu.
“Funga jicho moja. Usiniambie ni kitu gani.
Niambie ni rangi gani.”

Tunduni hapakuwa na jagi.
Palikuwa na majivu yaliyoingiwa na zambarau;
chini ya mpini, buluu ya mshipa wa mkononi;
na kule tumboni yai lilikuwa limelikopesha joto lake.
Weupe niliouapia ulikuwa tone moja, ukingoni,
pale dirisha lilipogusa.

Kivuli, kumbe, si mwanga uliokufa.
Ni mwanga uliopitia kwa jirani kwanza.

Nikaweka brashi chini.
Danguolė akadhani nimechoka.

Machi ile Jadvyga alilala karibu na dirisha,
blanketi la kijani limemfika kidevuni,
na kila asubuhi niliuona ukijani chini ya taya yake,
nikausoma kama nilivyozoea kusoma ufizi.
Sikumwambia. Nilimlisha supu
nikikitazama kijiko.

Lilikuwa blanketi.
Alikuwa anakufa, hilo halina mjadala,
lakini ukijani ule ulikuwa wa sufu tu,
na shavu la pili, la dirishani, lilikuwa na uwaridi
ambao sikuusogelea hata kwa macho.

“Saa tisa,” Danguolė akasema. “Mwanga hautungoji.”

Nikachanganya: nyeupe, buluu kidogo,
na chembe ya kijani. Nikaigusisha ubavuni mwa jagi.
“Hiyo umeiona wapi?”

Nikaifuta kwa kitambaa.
Nikafunga jicho moja, nikachungulia tena.