Na Wengineo

Mimi ni karani. Kazi yangu kuandika
nani kasema nini, na nani kapinga.
Miaka tisa nimekaa pembeni mwa meza ya baraza,
chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji
kwenye ndoo ya buluu,
na mwandiko wangu husifiwa: hauna doa, hauna haraka.

Alipochaguliwa Ghaniya binti Mhanna,
kwa kura thelathini na moja zaidi,
Haili Sidra haikupiga vigelegele sana.
Wanaume walimwambia "Mabruki", wakarudi kwenye kahawa.
Hawakujua kampeni ilipangwa wapi.
Ilipangwa jikoni kwa mama yake, kwa Kiswahili,
kile walichorudi nacho bibi zetu kutoka Unguja
pamoja na mbuzi za kukunia nazi,
wakaja nazo mahali pasipo na mnazi hata mmoja.
Mume wa mtu akipita dirishani
alidhani tunagombania chumvi.

Kikao cha kwanza Ghaniya alisimama kusema juu ya mto mkavu:
mvua ikinyesha milimani, huku kwetu jua linawaka,
maji hushuka ghafla kama mtu aliyekumbuka deni,
na njia ya zahanati inakatika.
Nikaandika: *Walizungumza Sheikh Zahir, Sheikh Saif, na wengineo.*
Kikao cha pili, taa za njiani. Cha tatu, mto tena.
Na wengineo.
Na wengineo.
Hakuna aliyeniamuru. Hilo ndilo liniumalo.
Mkono wenyewe uliijua njia, kama punda wa kisima.

Kikao cha sita alikuja na kamba,
kamba ya nyuzi za mtende, ya wapanda mitende,
akaiweka mezani kati ya birika na sahani ya halua.
"Kila fundo," akasema, "ni siku moja mwaka huu
basi la shule lilipofika mtoni likageuka. Hesabuni."
Sheikh Zahir akaomba kamba isogezwe, inagusa halua.
Ikasogezwa.
Ikafika kwa mzee Suwaid wa Haili ya Juu,
ambaye vidole vyake vimezoea tasbihi,
naye bila kukusudia akaanza: moja, mbili, tatu,
na ukumbi mzima ukasikia tone likianguka ndooni.

Kwenye la kumi na tisa akasita.
Fundo nene, limezungushwa uzi mwekundu.
"Na hili?"
"Hilo ni mke wa mjukuu wako.
Alijifungua ndani ya gari, ng'ambo ya maji, taa zikiwaka.
Mkunga nilikuwa mimi. Mkasi ulikuwa wa cherehani."
Mzee alikuwa ameambiwa mtoto kazaliwa salama.
Hakuwa ameambiwa wapi.

Akamaliza hadi ishirini na tatu.
Kisha akageuka, si kwa mwenyekiti, kwangu:
"Umeandika?"

Nilikuwa nimeandika tarehe.

Usiku ule nilishusha majalada ya vikao vitano.
Kanuni hairuhusu kufuta; yaruhusu kuongeza pembeni, kwa sahihi.
Basi nikaongeza. Mishale, nyota, herufi za kubana,
Ghaniya alisema, Ghaniya aliuliza, Ghaniya hakujibiwa,
hadi kurasa zangu safi zikawa kama ukuta
uliochorwa na watoto kwa makaa.

Daraja bado.
Wahandisi wamekuja mara mbili, wamepima, wamekula tende, wameondoka.
Ila wiki iliyopita wanawake wawili wa Haili ya Juu
walinifuata ofisini kuuliza fomu za kugombea zinatoka lini,
na mmoja aliniuliza kwa Kiswahili,
kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

Kamba imo jaladani, kielelezo namba nne.
Jalada halifungi; nikilibana linafumuka.
Jana mvua ilinyesha milimani, basi likageuka.
Fundo la ishirini na nne nimelifunga mimi,
vibaya, kwa mkono wa kalamu.
Limelegea. Nitalikaza kesho.