Fundi Bomba Anatembezwa Mjini

Binti yangu kaninunulia tiketi, zawadi ya kustaafu:
saa mbili kwa miguu, Bologna, na wa kunitembeza.
Nikacheka. Nimezaliwa hapa, mtaa wa tatu kutoka sokoni.

Nikasimama na wageni, kibandiko cha njano kifuani,
nyuma ya Ginevra na mwavuli wake uliokunjwa.
"Tazameni juu," akasema. Nikatazama juu.
Miaka arobaini na mmoja nimepita chini ya matao haya
shingo imeinama, mkoba wa spana begani;
sikujua kwamba boriti zile ni mwaloni,
wala kwamba kuna uso wa jiwe, usio na pua,
ulionichungulia kila alfajiri
nikienda kuzibua vyoo vya watu.

Mnara umeinama. Huo niliujua.

Kisha akafungua kidirisha ukutani:
"Hapa mji uliyafunika maji yake, watu wakayasahau."
Wageni wakainua simu.
Mimi nikatega sikio.
Nayajua yale maji. Nayajua yanapokohoa
chini ya duka la Bibi Zanarini,
yanaponyamaza karibu na kanisa.
Nayajua kwa magoti.

"Na wewe, baba, umetoka wapi?"
Wote wakageuka. Kibandiko kikaanza kubanduka.

"Chini," nikamwambia.

Akadhani ni kusini, Sicilia pengine,
akanikaribisha mjini kwa mikono miwili.
Nami, ajabu,
nikakaribia.